Neno "bill" la Kiingereza: maana zake na matumizi yake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kukutana na neno "bill" mara kadhaa kwa siku moja: kwenye ujumbe wa simu unaomkumbusha deni la maji, kwenye taarifa ya habari kutoka bungeni Dodoma, kwenye karatasi za kontena linalosubiri kutolewa bandarini, na kwenye ukuta ulioandikwa kwa rangi "Stick no bills". Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za biashara na za kisheria, na hili ni miongoni mwa maneno mafupi ya Kiingereza ambayo watu huniuliza sana. Majibu yaliyo hapa chini hayalingani kwa urefu kwa sababu uzito wake haulingani. Mengine ni ya msamiati tu, na mengine yanagusa fedha na mali ya mtu.

Je, maana zote za "bill" zimetoka kwenye asili moja?

Hapana. Kilichopo ni maneno matatu yaliyokutana kwenye tahajia moja. La kwanza, ambalo ndilo lenye matumizi mengi, linatokana na neno la Kilatini cha zama za kati, "billa", ambalo nalo ni mabadiliko ya "bulla", yaani muhuri, na baadaye hati iliyotiwa muhuri. Kutokana na "bulla" hilohilo Kiingereza kilipata "bull", kwa maana ya hati rasmi ya Papa, na pia "bulletin". Hii ndiyo sababu muswada wa sheria, ankara ya maji, hati ya shehena, noti ya dola na tangazo la ukutani vyote vinaweza kuitwa "bill": kila kimoja, kwa asili yake, ni karatasi iliyoandikwa ili ijulikane na watu na iwe na nguvu fulani.

Neno la pili ni "bill" la mdomo wa ndege, nalo lilikuwamo katika Kiingereza cha kale kama "bile". La tatu lilikuwa jina la silaha ya kukatia, ambalo leo limebaki hasa katika "billhook", zana ya shambani inayofanana na panga lenye ncha iliyopinda kama mundu. Haya mawili hayana uhusiano na muhuri wa Kilatini.

Ukikutana na "bill" ya karatasi na hujui uitafsiri vipi, usianze na kamusi. Jiulize kwanza nani ameitoa karatasi hiyo, na inamtaka nani afanye nini. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokuelekeza kwenye neno sahihi la Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kina jina mahususi karibu kwa kila moja ya karatasi hizi, na hakuna jina moja linalozifaa zote.

Bili na ankara ni kitu kimoja? Na risiti je?

Bili na ankara hutumika kwa maana moja, ingawa ankara ina urasmi zaidi. Kwenye mgahawa utasema "dada, naomba bili" na hakuna atakayeshangaa, lakini barua ya mamlaka ya maji itaandika "ankara". Mfanyabiashara anayemtoza mwenzake kwa bidhaa alizompelekea hutoa "invoice", nayo kwa Kiswahili rasmi ni ankara pia. Kiingereza ndicho kinachotofautisha, kwa kawaida kikiita "bill" ile inayomfikia mlaji wa mwisho na "invoice" ile inayopita kati ya biashara na biashara, yenye mchanganuo wa bidhaa na masharti ya muda wa kulipa.

Hebu tuchukue ankara ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Ina jina la mteja, namba ya akaunti na namba ya dira, yaani mita ya maji; kisha usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Dira ikiwa ilisoma 412 mwezi uliopita na sasa inasoma 427, tofauti ni uniti 15, na kwa kuwa uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, nyumba hiyo imetumia lita 15,000, sawa na ndoo 750 za lita 20. Baada ya hapo yanakuja malipo ya matumizi ya mwezi, na kando yake deni la nyuma kama lipo, halafu jumla. Watu wengi husoma jumla peke yake na kukasirika kwamba maji yamepanda bei, ilhali kiasi kikubwa kilichomo ni deni la miezi iliyopita. Aliyezoea kutazama usomaji wa dira atajua kama kuna kosa la msomaji, kama kuna bomba linalovuja, au kama nyumba imetumia kweli.

Risiti ni jambo jingine kabisa. Bili inadai, na risiti inathibitisha kwamba kilichodaiwa kimelipwa. Hata namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mtaani wote tunaiita kontrol namba, ni sehemu ya dai na si uthibitisho wa malipo. Kuwa nayo mkononi hakumaanishi kwamba umelipa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeletewa mara nyingi karatasi za kudai malipo ili nizitafsiri kama uthibitisho wa malipo, na mfasiri mwaminifu hawezi kufanya hivyo.

Ninaombwa "utility bill" na benki ya nje, lakini umeme wangu ni wa LUKU. Nifanye nini?

"Utility bill" ni ankara ya huduma ya nyumbani kama maji, umeme au simu ya mezani. Taasisi za nje huiomba kama uthibitisho wa makazi, si kwa kutaka kujua unatumia umeme kiasi gani. Ugumu wake hapa kwetu uko wazi: LUKU, kama jina lake linavyosema, ni kulipa umeme kadiri unavyotumia, na anayelipa kabla hatumiwi ankara ya mwisho wa mwezi. Ujumbe wa simu wenye tarakimu za kuingiza kwenye mita hauna anwani yako, na kwa hiyo mara nyingi hukataliwa.

Ankara ya maji ndiyo inayofaa zaidi, ila katika nyumba za kupanga huwa na jina la mwenye nyumba. Wapangaji wengi huishia kuomba barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, wakaitafsiri kwa Kiingereza na kuituma pamoja na mkataba wa pango. Kabla ya kulipia tafsiri, waulize kwanza wanaokuomba kama watapokea barua ya aina hiyo, na uwaeleze kwamba katika nchi hii umeme wa majumbani hulipiwa kabla ya kutumika.

Tofauti kati ya "bill" ya Bunge na sheria ni ipi?

Hapa "bill" ni muswada wa sheria, yaani sheria inayopendekezwa. Bado haimfungi mtu yeyote. Muswada wa Serikali huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ambako wadau wanaweza kuitwa kutoa maoni yao, hurudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa ibara kwa ibara katika Kamati ya Bunge Zima, kisha husomwa mara ya tatu. Baada ya hapo hupelekwa kwa Rais. Rais akishatia saini ndipo unapoitwa sheria, na hapo ndipo Kiingereza kinapoacha kusema "Bill" na kuanza kusema "Act".

Wengi huniuliza kama saini ya Rais ni utaratibu tu. Ibara ya 97 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kukataa kuukubali muswada na kuurudisha bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa kuungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote, na ukapelekwa kwake ndani ya miezi sita tangu uliporudishwa, Rais anatakiwa kuukubali katika siku 21, vinginevyo alivunje Bunge. Kwa hiyo anayetafsiri "the Bill was passed" kuwa "sheria imeanza kutumika" ameruka hatua nzima ya Katiba.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya mwaka 2024. Wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha tarehe 25 Juni huku maandamano makubwa yakiendelea, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Aliyesoma habari za tarehe 25 na kuishia hapo alibaki akiamini kwamba kodi zile zimeshakuwa sheria. Ujumbe unaozunguka kwenye simu ukisema "new tax bill" ni habari ya jambo linalopendekezwa, na huo ndio wakati wa kutoa maoni. Ukisema "Act", muda huo umeshapita.

Kuna alama nyingine ndogo inayowasaidia wasomaji makini. Sehemu za muswada wa Kiingereza huitwa "clause", nazo bungeni kwetu huitwa ibara. Muswada ukiwa sheria, sehemu hizohizo huitwa "section", nazo kwa Kiswahili ni vifungu. Mtu akikunukulia "clause 8" ananukuu muswada, hata kama yeye mwenyewe anauita sheria. Tangu marekebisho ya sheria za Tanzania ya mwaka 2021, ambayo yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, usahihi wa istilahi hizi umekuwa na uzito kuliko zamani.

Je, niandike "muswada" au "mswada"?

Tanzania, kwa "bill" ya Bunge, andika muswada, wingi miswada. Mswada hutumika zaidi hapa kwa andiko la mwandishi ambalo bado halijachapishwa kuwa kitabu. Kenya huandika mswada hata kwa muswada wa sheria, na hilo si kosa lao. Maumbo yote mawili yanatokana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya rasimu, lililotoka kwenye mzizi wa weusi, yaani karatasi iliyopakwa wino.

"Bill of Rights" ni muswada wa haki?

Si muswada, na tafsiri hiyo hupotosha sana, kwa sababu humfanya msomaji afikiri kwamba haki hizo bado zinangoja kupitishwa. Hapa "bill" imebaki na maana yake ya kale ya tamko rasmi lililoandikwa. "Bill of Rights" ya Uingereza ya mwaka 1689 ni sheria iliyopitishwa na Bunge la huko. Ile ya Marekani ni marekebisho 10 ya kwanza ya Katiba yao, yaliyokamilisha kuidhinishwa mwaka 1791.

Kwetu, haki hizo ziliingizwa katika Katiba ya mwaka 1977 kupitia marekebisho ya mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Zimo kuanzia ibara ya 12 hadi ya 29, chini ya kichwa "Haki na Wajibu Muhimu". Kichwa hicho kina jambo ambalo Kiingereza hakina katika "Bill of Rights": kimetaja wajibu sambamba na haki. Ukitafsiri makala inayozungumzia Katiba yetu, tumia maneno ya Katiba yenyewe. Kwa nchi nyingine, "hati ya haki" inatosha.

"Bill of lading" ni bili ya kulipia mzigo?

Hili ndilo swali lenye gharama kuliko yote, na ningependa kila anayeagiza mzigo kwa mara ya kwanza alisome kabla hajatuma fedha nje.

"Bill of lading", ambayo mawakala wa forodha huiandika kwa kifupi B/L, ni hati ya shehena. Haidai malipo. Hutolewa na mwenye meli, au wakala wake, kwa aliyeukabidhi mzigo, nayo hubeba kazi tatu kwa pamoja. Kwanza ni risiti kwamba mzigo umepokelewa kwa ajili ya kusafirishwa. Pili ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi. Tatu, na hapa ndipo penye uzito wake wote, ni hati inayowakilisha umiliki wa mzigo: katika aina inayoweza kuhamishwa, mwenye kuishika hati halisi kihalali ndiye mwenye haki ya kukabidhiwa mzigo. Kwa kawaida nakala halisi huwa tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki hupoteza nguvu.

Ichukue hati yenyewe uitazame. Juu kushoto pana visanduku vitatu. Cha kwanza, "shipper", ni mtumaji. Cha pili, "consignee", ni mpokeaji, na jina lililomo humo ndilo la kuhangaikia. Cha tatu, "notify party", ni mtu wa kutaarifiwa meli inapokaribia kufika. Kuandikwa hapo hakukupi haki yoyote juu ya mzigo. Nimewahi kukaa na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa na hakika kwamba kontena ni lake kwa kuwa jina lake lilionekana kwenye hati, kumbe lilikuwa kwenye kisanduku cha tatu, na cha pili kilikuwa na maneno "to order". Maneno hayo yana maana kwamba mzigo utatolewa kwa yule atakayeelekezwa kwa kusainiwa nyuma ya hati. Ilikuwa lazima apate kwanza hati halisi yenye saini hiyo.

Jambo linalofanana na hilo huwapata wanaochangia kontena moja. Msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu wengi ndiye anayeandikwa kwenye hati ya mwenye meli, naye huwapa wateja wake hati zake mwenyewe, moja moja. Hati uliyonayo katika hali hiyo inakupa haki kwa yule mkusanyaji, si kwa mwenye meli. Kama mkusanyaji hajalipa nauli ya meli, kontena zima linaweza kuzuiwa hata kama wewe umemlipa senti yako ya mwisho.

Maneno mengine ya kwenye hati hiyo yanafaa kujulikana. "Said to contain" maana yake ni kwamba msafirishaji anaandika kilichotajwa na mtumaji na wala hathibitishi kilichomo ndani. "Clean" maana yake ni kwamba mzigo, kwa kuutazama kwa nje, ulipokelewa bila kasoro iliyoandikwa. Haina maana kwamba umesafishwa au umelipiwa ushuru. "Freight prepaid" ni kwamba nauli imelipwa kule ulikotoka, na "freight collect" ni kwamba italipwa huku. "Non-negotiable" kwenye nakala ina maana kwamba karatasi hiyo ni ya kumbukumbu tu na haitolei mzigo. Ukiambiwa kuna "telex release", maana yake ni kwamba mtumaji amezirudisha hati halisi kwa mwenye meli huko alipo, na wakala wa hapa ameelekezwa autoe mzigo bila kudai hati hizo.

Ushuru wa forodha, tozo za bandari na gharama za kuchelewa kutoa mzigo ni mambo ya pembeni, na kila moja lina ankara yake. Kwa hiyo muuzaji wa nje anapokuandikia "I have sent you the bill", usikubali kuendelea kabla hujamuuliza ni ipi: ya kukudai, au ya shehena. Kwa mzigo wa ndege karatasi yake huitwa "air waybill", na hiyo haiwakilishi umiliki.

"Treasury bill" na "bond" vinatofautianaje?

Zote ni njia za Serikali kukopa kwa wananchi na taasisi, na zote huuzwa kwa minada inayoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania. "Treasury bills" ni dhamana za Serikali za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 au 364. Hazina riba inayolipwa njiani. Unainunua kwa bei iliyo chini ya thamani yake na ikiiva unalipwa thamani kamili. Kwa mfano tu, ukinunua kwa shilingi 930,000 dhamana ya siku 364 yenye thamani ya shilingi 1,000,000, faida yako ni shilingi 70,000, na hiyo ni takriban asilimia 7.5 ya fedha uliyotoa mfukoni, si asilimia 7, kwa kuwa unagawanya kwa ulichotoa. "Bonds" ni hatifungani, zinazodumu kwa miaka kadhaa na kulipa riba kila baada ya miezi sita.

Wengine huita zote mbili hatifungani. Katika mazungumzo haina madhara, lakini kwenye tafsiri ya taarifa za fedha ni kosa, kwa sababu fedha za mtu anayezihitaji mwakani si za kufungia miaka 20.

Kwa nini Wamarekani huiita noti "bill"?

Kwa sababu noti nayo ilianza kama hati ya ahadi ya kulipa. Wamarekani husema "a hundred-dollar bill", Waingereza husema "note", na sisi tulilipata neno noti kwa njia ya Waingereza. Hata hivyo dola zenyewe zimechapishwa neno "note", pale zinapojitangaza kuwa ni fedha halali. Kwenye mgahawa mambo hugeuka: anachokiita Mwingereza "bill", Mmarekani hukiita "check". Mhudumu wa hoteli aliyeombwa "check" na mgeni anatakiwa alete bili, na wala hajaambiwa kwamba mgeni atalipa kwa hundi.

"Stick no bills" maana yake nini, na inahusianaje na "fit the bill"?

Maandishi ya ukutani yanasema usibandike matangazo hapa. Zamani "bill" ilikuwa karatasi ya tangazo, na kutokana nayo tuna "billboard", yaani bango kubwa kama yale yaliyo kando ya Barabara ya Nyerere. Matangazo ya maonyesho ya jukwaani yalikuwa na majina ya wasanii, ndiyo maana anayeongoza orodha husemwa "tops the bill", na tamasha lililotangazwa kuwa kubwa kuliko yote husemwa "billed as the biggest". "Fit the bill" nayo huhusishwa na tangazo hilohilo: ni kufaa kwa jambo linalohitajika.

"Foot the bill" ni kulipa gharama, hasa zile ambazo wengine wamezikwepa. Chanzo chake ni kujumlisha hesabu chini, mguuni mwa karatasi. "A clean bill of health" ina historia ya bandarini: meli ilipewa hati kwamba bandari ilikotoka haikuwa na maradhi ya kuambukiza, na bila hati hiyo ingeweza kuwekwa karantini. Leo husemwa kwa mtu aliyepimwa akakutwa hana ugonjwa, au kwa kampuni iliyokaguliwa hesabu zake zikakutwa safi.

Fundi anataka BOQ. Hiyo nayo ni bili?

BOQ ni "bill of quantities": orodha ya kazi na vifaa vyote vya ujenzi, kila kimoja na kipimo chake, kiasi chake na bei yake. Huandaliwa na mkadiriaji majenzi kwa kutumia ramani. Kazi yake ni kukuwezesha kulinganisha bei za makandarasi wawili kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ukipewa jumla isiyo na mchanganuo hujapewa BOQ. Siyo dai la malipo.

Na mdomo wa ndege?

Hapa Kiingereza huunda majina kwa kuangalia umbo la mdomo, na Kiswahili mara nyingi hutazama jambo jingine kabisa. "Hornbill", mwenye mdomo wenye kitu kama pembe, kwetu ni hondohondo. "Shoebill", ambaye kwa Kiingereza mdomo wake umefananishwa na kiatu, sisi tunamwita korongo nyangumi, naye huonekana katika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi magharibi mwa nchi. "Hawksbill" si ndege hata kidogo. Ni kasa ambaye mdomo wake umepinda kama wa mwewe, na watu wa pwani humwita ng'amba. Samaki wa kundi la "billfish", wenye mdomo mrefu uliochongoka, wavuvi wetu wana jina lao wenyewe kwa mmoja wao anayetua pale soko la Feri: sulisuli. Kutafsiri majina haya neno kwa neno ni kupoteza majina mazuri tuliyonayo.

"Billing address" kwenye malipo ya mtandaoni ni anwani ipi?

Ni anwani uliyosajili benki kwa ajili ya kadi yako. Mahali pa kupelekewa mzigo ni "shipping address". Uliyoijaza kwenye "billing address" ikitofautiana na kumbukumbu za benki, malipo yanaweza kukataliwa hata kama fedha ipo. Kisanduku cha "ZIP code" jaza postikodi ya kata yako, yenye tarakimu 5. Kama kitenzi, "they billed us twice" ni "wametutoza mara mbili" ikiwa fedha imeshakatwa, au "wametuletea ankara mara mbili" ikiwa bado, na sentensi ya Kiingereza peke yake haikuambii ni lipi kati ya hayo, itabidi uulize.

"Sh. bil. 3" kwenye vichwa vya habari ni bili tatu?

Ni bilioni tatu. Ufupisho huo una l moja na nukta, na bilioni haina uhusiano na "bill". Bili iko kwenye ngeli ya I-ZI: bili yangu, bili zangu.